Swali la Nne

Inspekta aliirudisha sauti nyuma kwa mara ya sita, akaiegemeza simu kwenye kioo cha gari ili Sajenti naye asikie.

“Nilijibu ndiyo hajatoka,” ilisema sauti ya mwanamke, imekauka kwa kulia.

“Umesikia?”

“Afande, nimeisikia tangu jana. Leo asubuhi mke wangu kaniuliza kama nataka chai, nikamwambia ndiyo hajatoka.”

“Nukta umeisikia?”

“Nukta gani tena?”

Inspekta akamsukumia karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa, mwanamke huyo huyo. Konstebo aliyeyaandika alikuwa na mwandiko wa kupendeza, wa kushikana. Mstari wa tisa ulisomeka: *Nilijibu ndiyo. Hajatoka.* Katikati palikuwa na nukta nzito iliyokaribia kutoboa karatasi.

“Konstebo ameweka nukta,” alisema Inspekta. “Yule mama hakuiweka. Hata kupumua hakupumua.”

“Sasa mtu atafunguliwa kwa sababu ya nukta?”

“Kwani amefungwa kwa sababu ya nini?”

Sajenti akawasha gari.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha. Siku tisa kabla, tarehe kumi, fundi mmoja wa kiwanda cha sabuni aliingia ndani ya pipa la kwanza, pipa refu kama chumba, kubadilisha panga la kuchanganyia. Akiwa humo, mapanga yakazunguka. Alitolewa miguu yote miwili imevunjika, na mpaka leo alikuwa hospitalini hajazinduka. Aliyekuwa kwenye chumba cha kuongozea mashine alikuwa mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Pacha. Fundi yule aliwahi kuwa shemeji yake. Mwaka uliopita alimwacha mdogo wake Mama Pacha na mimba ya miezi saba, na Mama Pacha akamwambia mbele ya watu wote kwenye chumba cha chakula: “Ipo siku utanikoma.” Mashahidi kumi na wawili walikuwa tayari kulirudia neno hilo mahakamani.

Juu ya yote hayo, kompyuta ya kiwanda ilikuwa na kumbukumbu. *Swali la nne. Jibu: N.* Herufi N ni Ndiyo, H ni Hapana. Na kwenye skrini ya chumba cha kuongozea, swali la nne liliuliza: *Fundi ametoka ndani ya pipa?* Maana yake Mama Pacha aliiambia mashine kwamba fundi ametoka, huku akijua yumo. Saa nane mchana angesomewa shtaka la kujaribu kuua.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na boksi lenye kompyuta kuukuu. Ndiyo iliyokuwa kwenye chumba cha kuongozea siku ya ajali. Kesho yake kiwanda kiliiondoa na kuweka mpya. “Iliungua,” alisema mtaalamu aliyeiandika ile programu, kijana mrefu aliyejulikana kama Miwani. Inspekta aliikuta kwenye stoo ya vyuma chakavu, akaichukua kama kielelezo, akasaini.

*

“Viatu mlangoni,” alisema Mwalimu wa kompyuta bila kugeuka.

Walivua. Maabara ya chuo ilikuwa na meza ishirini, feni moja inayolia, na harufu ya vumbi la moto. Mwalimu alikuwa mwanamke mnene mwenye mvi pembeni, aliyewahi kumfundisha Inspekta alipokuwa binti wa chuo, na hakuwa ameona sababu ya kuacha.

“Soksi imetoboka, Sajenti.”

“Nimeitoboa makusudi, mama, mguu upate hewa.”

“Na wewe mwanangu, umekonda. Nionyeshe huyo mgonjwa.”

Alifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, akainusa kama mpishi anavyonusa sufuria.

“Nani kasema imeungua?”

“Aliyeiandikia programu.”

“Basi kaungua yeye. Hii imechomolewa waya mmoja tu.” Akautoa mkono ukiwa na diski, kijisanduku chembamba kama daftari kinachohifadhi kila kitu cha kompyuta. “Diski ni nzima. Tuiwashe?”

“Hapana,” alisema Inspekta haraka. “Nakala kwanza. Nakala mbili. Yenyewe irudi kwenye mfuko na lakiri yake.”

“Mbili za nini? Moja inatosha.”

“Mbili, Mwalimu.”

Mwalimu alitabasamu. Akaiunga diski kwenye kifaa kinachoruhusu kusoma tu, kisichoruhusu kuandika, na nakala zikaanza kutiririka. Dakika arobaini. Wakati huo Inspekta alipitia orodha ya mafaili kwenye skrini, akanakili majina na tarehe kwenye daftari lake, moja baada ya jingine. *Faili la maneno ya skrini: tarehe mbili, mwezi huu.* Siku hiyo ndiyo programu ilianza kutumika kiwandani, siku nane kabla ya ajali.

“Si tulifungue hilo tu tusome?” aliuliza Sajenti. “Kama maswali yamo humo, tunahangaika na nini?”

Mwalimu akalifungua. Skrini ikajaa alama: nyota, mabano, herufi zilizogeuzwa, viboksi.

“Limekazwa,” alisema. “Halisomeki kwa macho. Programu yenyewe ndiyo inajua kulifungua.”

“Basi tuiwashe programu.”

“Ndiyo kazi yenyewe hiyo, baba. Programu haitembei peke yake. Imeandikwa kwa lugha, na lugha ina toleo. Ndani yake inaita maktaba, yaani kazi za watu wengine walizokwisha kuziandika, na kila maktaba ina toleo lake. Hii ni ya lugha ya zamani kidogo. Kompyuta zangu zina toleo jipya. Haitaelewana nazo.”

“Lugha gani?”

“Python. Chatu.”

Sajenti alinyanyua miguu yake yenye soksi iliyotoboka akaiweka juu ya kiti.

Saa nne na dakika ishirini Mwalimu alifungua dirisha jeusi la amri. Hakugusa lugha iliyokuwemo kwenye kompyuta. Badala yake aliunda folda mpya, na ndani yake akajenga kile alichokiita chumba cha pekee: mahali ambapo toleo la zamani lingeishi na maktaba zake bila kugombana na wenyeji. Kwenye nakala alikuta karatasi ya mahitaji, faili dogo lenye mistari kumi na moja, kila mstari jina la maktaba na namba ya toleo. Miwani alikuwa mpangilifu.

“Ananirahisishia kazi,” alisema Mwalimu. “Nisomee, mwanangu. Taratibu.”

Inspekta akawa anasoma jina na namba. Mwalimu anaandika amri, anapiga kitufe, mistari inaruka. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu ikarudi na maandishi mekundu nusu ukurasa.

“Imekataa!” alisema Sajenti.

“Haijakataa. Inasema inamtaka mwenzake aje kwanza.” Akamleta mwenzake. Ikakubali.

Ya saba ikakataa mara mbili. Ya nane ikawa imekwisha kuwemo. Sajenti, ambaye saa moja kabla hakujua kama maktaba ina kitu kingine zaidi ya vitabu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mwalimu akihesabu kwa sauti kama mtu anayetazama mpira wa penalti. “Tisa! Kumi! Bado moja, mama, bado moja!”

Ya kumi na moja haikupatikana. Ndiyo iliyofungua faili la maneno. Mwalimu aliitafuta kwenye mtandao kwa robo saa nzima. Toleo jipya lilikuwepo, la zamani lilikuwa limeondolewa.

“Jipya halifai?” aliuliza Inspekta.

“Ninalijaribu… hapana. Linasema faili limekazwa kwa mtindo lisioujua.”

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika tano.

“Alipoisakinisha kule kiwandani,” alisema polepole, “si lazima aliishusha kutoka mtandaoni?”

“Lazima.”

“Na kompyuta inaposhusha kitu, hakibaki mahali?”

Mwalimu aligeuka na kiti chake chote. “Nilikupa alama ngapi wewe kwenye somo langu?”

“Hamsini na mbili.”

“Nilikosea.” Akaingia kwenye folda ya vilivyoshushwa ya ile nakala, na hapo palikuwa na kifurushi, jina lile lile, toleo lile lile. Akakisakinisha. Hakuna wekundu wowote uliotokea.

Sajenti alipiga makofi peke yake.

Kilichobaki ni pipa. Programu ilitarajia kuzungumza na mota, na maabara haikuwa na mota. Mwalimu akaandika mistari sita ya kujifanya mota: ikipata amri ya kuzunguka, iandike kwenye skrini kwamba inazunguka. Akaweka pia kadi ya fundi, ile inayofunguliwa kwenye kompyuta fundi anapoingia ndani ya pipa, ikiwa wazi kama ilivyokuwa siku ile, kwa sababu swali la nne lilikuja tu pale ambapo kadi ya fundi aliyeingia haijafungwa.

“Haya,” alisema. “Bismillah, au chochote mnachosema polisi.”

Akaiwasha.

Skrini ikawa ya kijani. Swali la kwanza lilihusu maji, la pili umeme, la tatu mlango wa pipa la pili. Kisha:

*4. Fundi ametoka ndani ya pipa? N/H*

Feni ililia. Sajenti akaenda mlangoni akaanza kuvaa viatu.

“Ni lile lile,” alisema. “Afande, pole. Tumejitahidi.”

Mwalimu alinyoosha mkono kuifunga programu.

“Usiguse!” Inspekta alikuwa ameshika daftari lake. “Lile faili la maneno. Nionyeshe tarehe yake. Sasa hivi.”

Mwalimu akaonyesha. Inspekta akaweka kidole kwenye skrini, kingine kwenye daftari.

“Saa moja iliyopita lilikuwa la tarehe mbili. Nimeandika hapa kwa mkono wangu. Sasa linasema leo, dakika tatu zilizopita.”

“Mungu wangu,” alisema Mwalimu. “Limebadilishwa mbele ya macho yetu.”

“Na nani?”

“Na yenyewe! Imepiga simu nyumbani. Ilipoamka tu, ikatafuta mtandao, ikaenda kwenye kompyuta ya mwenye programu, ikauliza: kuna maneno mapya? Ikapewa.” Alikuwa tayari amesimama, mwepesi kuliko umbo lake. Akaufuata waya wa bluu mpaka ukutani, akauchomoa. Akachomoa na wa meza ya pili, kwa hasira tu. “Haiendi popote tena. Itaishi hapa hapa, na vilivyomo hapa hapa. Nipe nakala ya pili.”

Inspekta alikwisha kuishika mkononi.

Safari hii chumba cha pekee kilijengwa kwa dakika tisa. Kila kitu kilikuwa kimeshushwa, na Mwalimu hakuhitaji kusomewa. Sajenti alirudi na kiatu kimoja mguuni. Hakuna aliyemkemea.

Skrini ya kijani. Maji. Umeme. Mlango wa pipa la pili.

*4. Fundi hajatoka ndani ya pipa? N/H*

“Hajatoka,” alinong’ona Sajenti. “Linauliza hajatoka.”

“Kaa,” alisema Inspekta. “Kaa hapa, Sajenti. Sikiliza. Wewe ni mwendeshaji. Unataka kupasha moto pipa la pili, ndiyo maana kompyuta inakuuliza maswali. Fundi yumo ndani ya pipa la kwanza. Umemwona akiingia kwa macho yako. Jibu ukweli. Usifikiri, jibu.”

Sajenti aliinama kwenye skrini. “Fundi hajatoka ndani ya pipa? Ndiyo, hajatoka,” alisema, akabonyeza N.

*PIPA LA KWANZA LIKO HURU. LINAENDELEA NA KAZI. MOTA INAZUNGUKA.*

Sajenti aliruka kutoka kwenye kiti kana kwamba kimemuunguza. “Jamani! Nimemwambia hajatoka! Nimemwambia!”

“Ndiyo,” alisema Inspekta. Alijikuta ameshika bega lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. “Hivyo hivyo ndivyo alivyosema na yeye.”

Mwalimu aliketi, akavua miwani yake ya kusomea. “Huyo mwenye programu ametafsiri neno kwa neno,” alisema. “Vitabu vya mashine hizi vinakuja kwa lugha ya kigeni. Kwa lugha ile, ukiulizwa swali la kukanusha namna hii ukajibu ndiyo, umesema ametoka. Sisi ndiyo yetu inakubali kile ulichoulizwa. Hajatoka? Ndiyo, hajatoka. Amechukua swali lao, amelivika maneno yetu, halafu akaiacha mashine ilielewe jibu letu kwa namna yao.”

“Na yule mama alisimamisha mota baada ya sekunde nne,” alisema Inspekta. “Imo kwenye kumbukumbu. Mkuu wa kituo alisema huko ni kujuta. Kumbe ni kushtuka tu.” Aliinamia skrini tena. “Yale maneno mapya yaliyoletwa na mtandao. Yametengenezwa lini?”

“Yana muhuri wa saa. Subiri.” Mwalimu akarudi kwenye nakala ya kwanza. “Tarehe kumi na moja. Saa kumi na mbili na robo asubuhi.”

“Ajali ni tarehe kumi.”

“Kabla hata hajapiga mswaki,” alisema Sajenti.

*

Inspekta alipiga simu mbele yao, sauti ikiwa wazi, kinasa sauti kikiwa mezani. Ilikuwa saa sita kamili.

“Karibu, afande,” alisema Miwani. Nyuma yake zilisikika mashine za kiwanda.

“Samahani kukusumbua. Narekodi, ni utaratibu tu. Nafunga faili kabla ya mahakama. Swali la nne linasemaje?”

“Fundi ametoka ndani ya pipa.”

“Tangu lini?”

“Tangu programu ianze.”

“Na ile kompyuta ya zamani?”

“Iliungua, afande. Nilishawaambia.”

“Uliniambia. La mwisho basi, nijaze hapa. Tangu siku ya ajali, hujabadilisha maneno yoyote ya skrini?”

“Ndiyo,” alisema Miwani.

Sajenti aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

“Ndiyo?” aliuliza Inspekta.

“Ndiyo, afande. Sijabadilisha.”

“Nimekuelewa. Mtu yeyote angekuelewa. Programu yako tu ndiyo isingekuelewa.”

Mashine za kiwanda ziliendelea kunguruma. Kisha mlango ulifungwa upande ule, na mngurumo ukapungua.

“Mmeiwasha,” alisema Miwani. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Mmeiwashaje? Ile maktaba haipatikani tena.”

“Ilikuwa kwenye folda ya vilivyoshushwa. Tumeiwasha waya wa mtandao ukiwa nje.”

“Sikukusudia kumuumiza mtu, dada. Naapa. Kitabu kilikuwa na kurasa mia nne, nikatafsiri mstari kwa mstari. Nilipoona ile N kwenye kumbukumbu nilielewa papo hapo. Nikasema nirekebishe, asije akaumia mwingine.”

“Ulirekebisha saa kumi na mbili na robo. Saa mbili ukaja kituoni ukaandika maelezo kwamba halijawahi kubadilika. Ulimwona Mama Pacha amekaa kwenye benchi la kituo?”

Upande ule kiti kilisogezwa.

“Ulimwona?”

“Nilimwona.”

“Baki hapo ulipo. Kuna gari linakuja.”

*

Mwendesha mashtaka aliwapokea kwenye korido ya mahakama saa saba na nusu, begi mkononi, uso wa mtu ambaye hajala. Inspekta hakuanza kueleza. Alimpa picha ya skrini iliyochapishwa na kumwomba aijibu kwa sauti, akijua fundi yumo.

“Fundi hajatoka ndani ya pipa,” alisoma mwendesha mashtaka. “Ndiyo, haja…” Akaishia hapo. Akasoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Akakunjua karatasi ya pili, ya mihuri ya saa, na ya tatu, mazungumzo ya simu, akaegemea ukuta.

“Mwalimu wa chuo atatoa ushahidi?”

“Yuko kwenye gari. Amekuja na diski, nakala zote mbili na kompyuta yake. Anasema ataiwasha mbele ya hakimu, na hakimu abonyeze mwenyewe.”

“Hakutakuwa na haja.” Mwendesha mashtaka alikwisha kugeuka kuelekea chumba cha hakimu. “Shtaka naliondoa. Na huyo wa programu msimpoteze.”

Mama Pacha alikuwa kwenye chumba cha mahabusu, amekaa pembeni kabisa ya benchi kana kwamba anawaachia wengine nafasi, na hakukuwa na mwingine. Inspekta alikaa karibu naye. Alimweleza yote, kuanzia swali, tafsiri, waya uliochomolewa, mpaka saa kumi na mbili na robo. Alipomaliza, alitarajia kilio au kicheko. Mama Pacha alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

“Kwa hiyo ni kidole changu hiki hiki,” alisema. “Mdogo wangu amekuwa akiniuliza kama nilimlipizia. Nimemwambia hapana. Lakini kumbe ni mimi niliyebonyeza.”

Inspekta hakuwa mtu wa maneno mengi, na ya faraja yalimpa shida zaidi. Alitafuta, akapata haya tu:

“Kidole chako kilisema kweli, dada. Mashine ndiyo haikujua Kiswahili.”

Nje, Sajenti alikuwa akigombana na askari wa zamu kuhusu fomu ya kuachiliwa, na sauti yake ya juu ilijaza korido. Kisha ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

“Una simu?” aliuliza Mama Pacha, akisimama. “Nataka kuzungumza na mdogo wangu kwanza. Halafu unipeleke hospitali, nikakae na yule mtu mpaka aamke. Nataka wa kwanza kumwambia niwe mimi.”